Kutoka Kisu hadi Marhamu

Katika miaka ya 1930, mwanamke wa makamo aliyekwenda hospitali kubwa ya Marekani au Uingereza akilalamika kwamba anawashwa sehemu za siri usiku kucha, halafu ngozi yake ikaonekana imegeuka nyeupe, angeweza kabisa kutoka humo akiwa hana tena mashavu ya uke wala kinembe. Saratani hakuwa nayo. Aliyemkata hakuwa katili wala kanjanja. Mara nyingi alikuwa bingwa anayeheshimika, na vitabu alivyosomea vilimwambia kwamba ngozi nyeupe ya mahali pale ni saratani inayongoja siku yake.

Leo ugonjwa uleule unatibiwa kwa marhamu ya kupaka, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kidole. Toka ulipoandikwa kwa mara ya kwanza hadi ilipopatikana dawa hiyo ilipita miaka zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya miaka hiyo iliendeshwa na hofu. Ya kwanza ilikuwa hofu ya saratani. Ya pili, ambayo bado tunayo, ni hofu ya dawa yenyewe.

Ugonjwa huu kitaalamu unaitwa likeni sklerosusi. Hauambukizi, na hauletwi na uchafu wala uasherati, jambo linalofaa kusemwa mapema kwa sababu wagonjwa wengi hushutumiwa kwa yote mawili kabla hawajafika kwa anayejua. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi na wasichana ambao hawajabalehe, ingawa hakuna umri usiofikiwa. Wanaume nao huupata kwenye kichwa cha uume na govi, lakini waliotahiriwa wakiwa wachanga huupata kwa nadra sana.

Huanza kwa mwasho, wa usiku hasa. Ngozi ya uke wa nje hupauka, ikawa nyeupe yenye kung'aa na kukunjamana kama karatasi ya sigara, na weupe huo huzunguka uke, ukashuka kwenye msamba na kuizunguka njia ya haja kubwa hadi umbo zima likawa la namba 8. Mwanamke akijikuna, damu huvilia chini ya ngozi na kuacha madoa ya zambarau. Mipasuko midogo hutokea, mkojo ukipita panachoma. Bila matibabu, umbo lenyewe hubadilika. Mashavu madogo hunywea na kugandana na yale makubwa, ngozi huota juu ya kinembe na kukifunika, mlango wa uke hubana. Tendo la ndoa huwa mateso, na kwa wengine haliwezekani kabisa. Mtoto wa kike yeye hufunga choo, kwa sababu kila akienda haja kubwa ngozi inapasuka, naye ameshajifunza kuogopa. Ndani ya uke kwenyewe ugonjwa hauingii, na hiyo ni alama mojawapo ya kuutofautisha na ndugu yake, likeni planasi, ambayo huingia.

Maandishi ya kwanza yanayokubalika kuuhusu ni ya mwaka 1875, ya Robert Weir, daktari mpasuaji wa New York aliyeeleza weupe wa ngozi ulimini na ukeni. Miaka 10 baadaye August Breisky, profesa wa magonjwa ya wanawake mjini Prague, alieleza wanawake ambao uke wao wa nje ulikuwa umesinyaa na kukauka, akaiita hali hiyo kraurosisi ya uke. Mwaka 1887 mjini Paris, Henri Hallopeau wa Hospitali ya Saint-Louis aliona madoa meupe ya aina hiyo akayahesabu kuwa ni likeni planasi ya namna ya pekee. Mwaka 1892 Jean Darier aliiweka ngozi hiyo chini ya hadubini na kueleza kilichomo: tabaka la juu limekuwa jembamba, chini yake pametanda mshipi wa nyuzi zilizovimba na kushikamana hadi hazionekani moja moja, na chini ya mshipi huo zimejipanga chembe za kinga ya mwili. Picha hiyo ya Darier ndiyo ambayo mtaalamu wa patholojia anaitafuta hadi leo.

Hospitali ya Saint-Louis yafaa kutazamwa kidogo. Katika miaka ileile ilikuwa na fundi, Jules Baretta, aliyekuwa akichukua umbo la ngozi ya mgonjwa na kuliiga kwa nta na rangi, kovu kwa kovu. Makumbusho ya sanamu hizo yalifunguliwa mwaka 1889, wakati madaktari wa ngozi wa dunia walipofanya mkutano wao wa kwanza mjini humo, na sanamu zaidi ya 4,000 zingali kwenye makabati ya kioo. Huko ndiko walikojifunzia madaktari wa ngozi: kwa kutazama sana na kukata kidogo. Madaktari wa magonjwa ya wanawake wa zama hizohizo walijifunzia kwenye chumba cha upasuaji. Hawa hawakusoma majarida ya wale, na wale hawakualikwa kwenye wodi za hawa. Mwanamke mwenye doa jeupe kifuani alipelekwa kwa daktari wa ngozi akaambiwa ana likeni, na mwenye doa hilohilo ukeni alipelekwa kwa bingwa wa uzazi akaambiwa ana kraurosisi au leukoplakia, yaani ngozi nyeupe nene. Mwanamume mwenye ugonjwa uleule alipewa jina la tatu mwaka 1928 na Mjerumani Stühmer, na haikusemwa kwa uhakika kwamba wote ni kitu kimoja hadi miaka ya 1940. Ugonjwa ulikaa mpakani mwa idara, na kila idara ilimhudumia mgonjwa kwa zana iliyokuwa nayo mkononi.

Zana ya wataalamu wa uzazi ilikuwa kisu, na hoja ya kukitumia ilitoka London mwaka 1909. Comyns Berkeley na Victor Bonney wa Hospitali ya Middlesex waliandika kuhusu uke wenye ngozi nyeupe nene na uhusiano wake na saratani. Walitenganisha kraurosisi, waliyoiona haina hatari hiyo, na weupe mnene walioamini kuwa unatangulia saratani, kisha wakashauri ngozi hiyo iondolewe. Bonney huyu ndiye aliyejipatia sifa duniani kwa kutoa uvimbe wa fibroidi na kuuacha mfuko wa uzazi mahali pake, akipingana na wenzake waliozoea kung'oa kila kitu. Mtu aliyeuhurumia sana mfuko wa uzazi hakuona shida kuuondoa uke wa nje. Nadhani jibu liko katika kile ambacho udaktari wa wakati ule ulikihesabu kuwa na kazi: mfuko wa uzazi unazaa, na uke wa nje wa mwanamke aliyekoma hedhi ulionekana hauna kazi tena.

Aliyeipeleka hoja hiyo mbele zaidi ni Fred Taussig wa St. Louis, Marekani, mwandishi wa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya uke wa nje kilichotoka mwaka 1923. Taussig alikuwa mtazamaji makini. Aliwachunguza wanawake wenye saratani ya uke wa nje, akaona kwamba wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe pembeni mwa kidonda. Hilo lilikuwa kweli, na bado ni kweli. Kosa lilikuwa kwenye hatua iliyofuata. Mtu akianza na wenye saratani na kurudi nyuma, ngozi nyeupe ataikuta kila mahali na itamtisha. Akianza na wenye ngozi nyeupe na kwenda mbele, mwaka baada ya mwaka, atawaona wangapi kweli wanafikia saratani. Njia ya pili ilidai subira ya miaka 10 au 20 na daftari la wagonjwa ambao hawajakatwa, na wasiokatwa walizidi kuwa adimu kwa sababu ushauri ulikuwa kukata.

Upasuaji wenyewe ulifanywa hivi. Daktari alichora duara la nje kwenye mipaka ya weupe na duara la ndani kuuzunguka mlango wa uke na tundu la mkojo, akaondoa vyote vilivyo katikati, kisha akazivuta kingo na kuzishona. Kidonda kilikaa mahali penye unyevu, karibu na mkojo na kinyesi, kwa hiyo kilichelewa kupona. Kikishapona, kovu lilibana. Na mara nyingi, baada ya miezi au miaka michache, ngozi iliyobaki nayo ikaanza kupauka na mwasho ukarudi. Madaktari wengine walihamisha ngozi safi ya paja na kuibandika pale, na ugonjwa ukaifuata hadi kwenye kiraka hicho. Ngozi iliyokuwa nzima pajani iliugua ilipohamia ukeni. Ukweli huo peke yake ungetosha kuonyesha kwamba kasoro haikuwa ndani ya kile kipande kilichokuwa kikitupwa kwenye ndoo.

Mtu aliyelisema hilo kwa sauti ni Norman Jeffcoate, profesa wa Liverpool. Mwaka 1961, katika jarida la madaktari wa Uingereza, yeye na mwenzake Woodcock walieleza walivyowafuatilia wanawake wenye hali hizi, wakionyesha kwamba wanaofikia saratani ni wachache na kwamba baada ya upasuaji ugonjwa hurudi. Ushauri wao ulikuwa kuuacha upasuaji wa kinga na badala yake kumtazama mgonjwa mara kwa mara. Mwaka 1971 H. J. Wallace wa London alitoa hesabu ya wanawake 290 aliowafuatilia, na waliopata saratani walikuwa asilimia 4 hivi. Tangu hapo makadirio ya utafiti mbalimbali yamebaki chini ya asilimia 5. Nambari hiyo si ndogo kiasi cha kuidharau. Lakini kuwakata wanawake 100 ili kuwakinga wasiozidi 5, kwa njia ambayo haiwakingi ipasavyo hata hao 5, ni hesabu isiyosimama, na ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla ya mtu kukaa chini na kuipiga.

Mwaka 1970 ilianzishwa jumuiya ya kimataifa ya wanaosoma magonjwa ya uke wa nje, ISSVD, na jambo lake kubwa lilikuwa kuwakalisha meza moja madaktari wa uzazi, wa ngozi na wa patholojia. Mwaka 1976 walitoa orodha ya majina yanayokubalika na kuyafuta ya zamani, kraurosisi na leukoplakia yakiwemo. Kwa wagonjwa, faida ilikuwa kwamba kuanzia hapo kipande cha ngozi kilichokatwa Milano na kingine kilichokatwa Florida vingeweza kulinganishwa.

Tiba ya kwanza iliyoingia mahali pa kisu ilitokana na mantiki iliyoonekana nzuri. Ngozi imekuwa nyembamba, homoni ya kiume huinenepesha ngozi, basi ipakwe homoni ya kiume. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanawake wengi wa Marekani na Ulaya walipewa testosteroni ya asilimia 2 iliyochanganywa na mafuta ya mgando. Eduard Friedrich wa Florida ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkuu, na mwaka 1984 alichapisha vipimo vya damu vilivyoonyesha kwamba wagonjwa wana upungufu fulani wa homoni hizo. Waliopaka kwa muda mrefu, baadhi yao kinembe kiliongezeka ukubwa, wengine waliota nywele au sauti ikawa nzito. Wengi walivumilia kwa sababu mwasho ulipungua. Halafu mwaka 1994 Waitaliano, wakiongozwa na Mario Sideri, waliwagawa wanawake makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa testosteroni ndani ya mafuta ya mgando na jingine mafuta ya mgando matupu. Matokeo hayakutofautiana. Kilichokuwa kikituliza ni yale mafuta.

Wakati huo dawa halisi ilikuwa tayari kwenye rafu za maduka kwa zaidi ya miaka 10. Kortisoni iliushangaza ulimwengu mwaka 1948, Philip Hench wa kliniki ya Mayo alipomchoma sindano mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, naye akatembea. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kwamba haidrokotisoni hufanya kazi hata ikipakwa juu ya ngozi. Baada ya hapo kampuni za dawa zilishindana kutengeneza kali zaidi na zaidi, na kipimo cha ukali walichokitumia, kilichoelezwa na McKenzie na Stoughton mwaka 1962, ni rahisi: unampaka mtu mzima dawa mkononi, unaangalia ngozi inavyopauka kwa sababu mishipa midogo ya damu imebana. Ikipauka zaidi, dawa ni kali zaidi. Klobetasoli ya Glaxo, iliyoanza kutumika miaka ya 1970, ilikuja juu kabisa ya ngazi hiyo, kali mamia ya mara kuliko haidrokotisoni.

Kwa nini basi hawakuijaribu ukeni mapema? Kwa sababu kila mwanafunzi wa udaktari alifundishwa kwamba steroidi kali hukondesha ngozi, na ngozi hii tayari imekonda. Tena sehemu za siri, penye unyevu na mikunjo, ndipo palipokatazwa zaidi. Mwaka 1991 madaktari wa Oxford, Karen Dalziel, Peter Millard na Fenella Wojnarowska, walivunja mwiko huo. Waliwapa wanawake 13 klobetasoli ya asilimia 0.05, wakawatazama kwa macho na kwa hadubini. Mwasho ulikoma. Ngozi, badala ya kukonda zaidi, ilianza kurudia hali yake hata chini ya hadubini, kwa sababu kilichokuwa kikiikondesha ni uvimbe wa ndani, na dawa ilikuwa imeuzima. Wagonjwa 13 ni wachache mno kubadilisha tiba ya dunia, lakini mwaka 1993 Gian Luca Bracco na wenzake wa Italia waliilinganisha klobetasoli na testosteroni, na projesteroni na krimu tupu kwa wanawake 79, na klobetasoli ikaziacha zote mbali.

Utaratibu uliotokana na hapo ni huu, na madaktari wa Uingereza wanaufuata hadi leo bila kubadilisha sana. Mgonjwa hupaka mara 1 kila usiku kwa mwezi mmoja, usiku mmoja anapaka mwingine anaruka kwa mwezi wa pili, na mara 2 kwa wiki kwa mwezi wa tatu. Kila mara ni kipande kinachojaza ncha ya kidole au pungufu, na tyubu ya gramu 30 inatakiwa kumfikisha miezi yote 3. Sabuni inawekwa kando. Anaosha kwa maji na mafuta laini ya kulainisha ngozi. Kioo cha mkononi ni sehemu ya tiba, maana wengi hawajawahi kujiona na hupaka mahali pasipo. Makovu yaliyokwisha kugandana hayafunguki kwa dawa, na hapo ndipo kisu kimebakiwa na kazi yake halali: kufungua mlango uliobana au kinembe kilichofunikwa, baada ya ugonjwa kutulizwa.

Kuhusu chanzo, niseme kwa ufupi kwa sababu wenyewe hawajaafikiana. Tezi ya shingo yenye hitilafu, ugonjwa wa ngozi wa vitiligo na magonjwa mengine ambayo kinga hugeukia mwili wake hukutwa kwa wagonjwa hawa kuliko kawaida. Katika wanawake 350 waliochunguzwa Uingereza mwaka 1988, 1 kati ya kila 5 alikuwa na ugonjwa mmojawapo wa aina hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa London, Oyama akiwa mwandishi wa kwanza, waligundua kwamba thuluthi mbili ya wagonjwa wana kingamwili dhidi ya protini ya ngozi iitwayo ECM1. Kwa muda Ulaya ilishuku pia bakteria anayeenezwa na kupe, Borrelia, lakini Marekani walimtafuta hawakumwona. Ugonjwa huonekana pia ndani ya familia.

Jambo la watoto linahitaji nafasi yake. Msichana wa miaka 5 mwenye madoa ya damu iliyovilia ukeni, mipasuko na maumivu ya choo, mtu yeyote mwenye utu akimwona atafikiri jambo moja. Mwaka 1987, wakati Uingereza ilikuwa inatikiswa na sakata la Cleveland, ambamo watoto 121 walitambuliwa na madaktari kuwa wamedhulumiwa kingono na wengi wao kuondolewa kwao, jarida la madaktari lilichapisha makala ya Handfield-Jones na wenzake kuhusu watoto wenye likeni sklerosusi waliodhaniwa wamedhulumiwa. Likeni haikuwa chanzo cha sakata lile, lakini makala ile ilifika wakati kila mtu alikuwa ameanza kujiuliza ni alama gani mwilini zinathibitisha nini. Tangu hapo daktari wa watoto anafundishwa pande zote mbili: ugonjwa huu unaweza kuiga dhuluma, na mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza vilevile kuwa amedhulumiwa, kwa hiyo kimoja hakifuti kingine.

Hofu ya zamani ya saratani nayo ilipata jibu lililo makini zaidi. Ilikuja kueleweka kwamba saratani ya uke wa nje ina njia mbili. Moja inapitia kirusi cha HPV, na huwapata walio na umri mdogo zaidi, hasa wenye VVU. Nyingine haimhitaji kirusi, inapitia likeni sklerosusi iliyokaa miaka bila kutulizwa. Swali likawa kama tiba inaweza kuifunga njia hii ya pili. Mjini Sydney, Gayle Fischer na wenzake waliwafuatilia wanawake 507 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Kati ya 357 waliofuata tiba yao kikamilifu, aliyepata saratani au dalili zake za awali hakuwepo hata mmoja. Kati ya 150 waliopaka kwa kuruka-ruka au kuacha, walipata 7. Makovu mapya yaliongezeka kwa asilimia 3.4 tu ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 40 ya la pili. Hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo mwenye kupinga ana pa kushikia. Inawezekana wanaofuata dawa wana mengine mema pia. Hata hivyo ni kazi ya kwenda mbele, ile ambayo Taussig hakuifanya, na imefanywa kwa tyubu badala ya kisu.

Sasa tugeukie kwetu. Kwenye mwambao na bara la Afrika Mashariki, mwanamke anayewashwa sehemu za siri anaambiwa ana fangasi. Ananunua duka la dawa vidonge vya kuweka ukeni, havimsaidii, anarudia, anaambiwa fangasi sugu, halafu UTI sugu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila mwanamke huyu hakuficha. Amesema kwa kungwi wake, kwa muuguzi, kwa muuza dawa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia apande kitandani atazamwe. Hata akienda kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, chombo kinapita katikati ya mashavu yaliyogandana kwenda ndani kutafuta kilichotumwa, na taa inamulika huko. Kinachotakiwa ni sekunde 10 za kuitazama ngozi ya nje kabla chombo hakijaingia.

Kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaonekana wazi sana, na hilo lingepaswa kuwa faida. Badala yake huitwa mbalanga, yaani vitiligo, na mgonjwa anaambiwa hauna dawa. Vitiligo haiwashi, haipasuki, na haibadilishi umbo. Mwenye kujua mambo hayo matatu hatakosea. Mahali penye ukeketaji kuna tatizo jingine, kwa sababu mashavu yaliyogandana na mlango uliobana huhesabiwa mara moja kuwa kazi ya ngariba, na ugonjwa unaoendelea juu ya kovu la zamani hausailiwi. Pale anapokuwa na shaka, daktari anakata kinyama cha milimita 4 na kukipeleka maabara. Moshi, karibu na Hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 chuo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha maafisa tabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wa waliopita pale wanakuwa ndio wataalamu wa ngozi pekee katika wilaya zao.

Ila kwetu hofu ya dawa ina mzizi ambao Oxford hawakuwa nao. Klobetasoli tunaijua kwa sura nyingine: ni kiungo cha mkorogo. Sifa yake ya kuipausha ngozi ndiyo iliyoiingiza kwenye vikopo vya kujichubua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni, na kila muuguzi amewahi kumwona mtu ambaye uso umechunika na mishipa inaonekana. Muuguzi huyo akisikia kwamba mama wa miaka 60 ameandikiwa klobetasoli apake ukeni, atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Tofauti iko kwenye kiasi na mahali. Mkorogo hupakwa mwili mzima kila siku kwa miaka. Mama huyu anapaka ncha ya kidole, ifikapo mwezi wa tatu mara 2 tu kwa wiki, juu ya ngozi ya uke wa nje ambayo huvumilia steroidi kuliko ngozi ya uso au ya mikunjo ya mapaja. Na huyo anayejichubua ananunua bila kuulizwa, wakati mwenye ugonjwa anakataliwa dirishani.

Vituo vya urembo vya miji mikubwa ya dunia vimekuja na njia mpya. Leza za kaboni dioksaidi ziliuzwa kama tiba ya ugonjwa huu. Zilipolinganishwa na leza ya kuigiza mwaka 2021 hazikuonyesha faida. Sindano za chembe sahani za damu zilijaribiwa kwa namna hiyohiyo mwaka 2019, zikashindwa pia. Dawa za kupaka zinazozuia vimeng'enya vya JAK bado ziko majaribioni. Klobetasoli ya mwaka 1991 haijapitwa.

Ina adui mmoja ambaye yumo ndani ya boksi lake. Karatasi ya maelezo inayokuja na tyubu, kwa mujibu wa leseni ya dawa yenyewe, inasema isitumike kwa mwasho wa sehemu za siri wala wa njia ya haja kubwa. Ilipoandikwa, aliyekusudiwa ni yule mwenye mwasho usiojulikana chanzo, na kwa huyo onyo ni sahihi. Mwenye likeni sklerosusi anaisoma akiwa peke yake chumbani usiku wa kwanza, anaifunga tyubu na kuirudisha kwenye boksi. Kliniki nyingi za Uingereza kwa sababu hiyo humpa mgonjwa karatasi ya pili, yenye mchoro wa mahali pa kupaka na sentensi inayomwambia kwamba onyo lililo kwenye boksi ataliona, kwamba halimhusu, na kwamba apake.